Mwamba wa Kijani Kati ya Voi na Taveta

Wanaoandika historia ya njia ya Voi hadi Taveta huanza na vita. Mjerumani aliiteka Taveta Agosti 1914, Waingereza wakatandaza reli kutoka Voi kupitia Maktau, na Februari 1916 damu nyingi ikamwagika kwenye kilima cha Salaita. Sikatai uzito wa hayo. Lakini kusini mwa barabara, kuanzia Mwatate hadi Kasigau, nyika ya Taita ina historia nyingine ambayo wenyeji bado wanaiishi kila siku.

Ilianza miaka milioni 600 hivi iliyopita, mabara mawili yaliposukumana na bahari iliyokuwa kati yao ikafungika. Tope jeusi la sakafu yake, lenye mabaki ya viumbe na vanadi, lilizikwa pamoja na chokaa mpaka kina ambako joto na mgandamizo viligeuza yote kuwa mwamba wa grafiti. Humo ikaota ganeti, na vanadi, pamoja na kromi kidogo, ikaipa rangi ya kijani kibichi. Hicho ndicho kito kinachoitwa tsavoraiti.

Tsavoraiti haikukaa katika mshipa ulionyooka. Imejikusanya katika mafundo kama viazi ndani ya mwamba uliokunjwakunjwa, na mengi yamejaa nyufa. Kito safi kinachozidi karati 3 ni nadra. Mchimbaji anaweza kupasua mwamba miezi mingi bila kupata kitu, jirani yake akapata hatua chache tu kutoka hapo. Naamini ugomvi mwingi wa Taita unatokana na tabia hii ya mwamba: hati ya mgodi huchora mstari juu ya ardhi, na mafundo hayaufuati.

Campbell Bridges, mjiolojia Mskoti, aliliona jiwe hili Tanzania mwaka 1967. Mgodi wake ulipotaifishwa, aliufuata mwamba uleule ng'ambo ya mpaka, akalikuta Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 Henry Platt wa kampuni ya Tiffany, New York, akalipa jina kutokana na hifadhi ya Tsavo. Bridges alichimba hapa miongo kadhaa, hadi Agosti 2009 alipouawa na kundi la watu karibu na migodi yake, katika mgogoro wa haki ya kuchimba. Kifo kile kiliniuma, na kinaniuma pia kwamba wachimbaji wadogo wa nyika hii wameendelea kufa kwa kufukiwa mashimoni, bila majina yao kufika mbali.

Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 iligawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali. Ni hatua ninayoiheshimu. Ila mgao huo hutoka katika mrabaha uliolipwa, na jiwe ambalo dalali amelinunua kimyakimya mdomoni mwa shimo halijalipiwa chochote.