Ulaji wa Kihisia: Ubaguzi Unapofika Mezani

Ulaji wa kihisia ni kula kunakosukumwa na huzuni, hasira, woga au upweke, tumbo likiwa halidai kitu. Anayekula hivyo anatafuta kitulizo, na kitulizo hicho mara nyingi hukipata kwenye sukari na mafuta. Mwaka 1986, Tatjana van Strien na wenzake huko Uholanzi walichapisha dodoso linaloutenganisha ulaji huu na ule unaochochewa na harufu au sura ya chakula, na pia na ule wa kujinyima kwa kuogopa kunenepa.

Istilahi hii imewafaa watafiti wa afya ya vijana Walatino wa Marekani, ambao asili zao ni Meksiko, Puerto Rico, Kuba na kwingineko Amerika ya Kilatini. Kiingereza kimehangaika kuwapatia jina lisilotaja jinsia, hata kikabandika herufi x mwishoni. Kwa Kiswahili Mlatino ni yeyote, wa kike au wa kiume. Sensa ya Marekani ya 2020 iliwahesabu Walatino zaidi ya milioni 62. Hata hivyo, kijana wao aliyezaliwa Texas bado huulizwa kwao hasa ni wapi. Dukani mlinzi humfuata nyuma. Akizungumza Kihispania na mama yake barabarani, huambiwa arudi alikotoka. Kipimo cha ubaguzi wa kila siku kilichotolewa mwaka 1997 na David Williams na wenzake huuliza mambo ya namna hiyo hiyo: je, watu hukukosea adabu, hukuhudumia vibaya, hukuogopa, hukuona huna akili?

Mwili huyapokea hayo kama hatari. Ubongo huziamuru tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, zitoe homoni ya kotisoli. Homoni hii ikidumu kwa wingi, hamu ya vyakula vitamu na vya mafuta huzidi, na mafuta huelekea kujilimbikiza tumboni. Chakula hutuliza kwa muda, ubongo ukazoea, na tusi la kesho likamrudisha kijana kwenye chakula kile kile. Zaidi ya hayo, mwenye fadhaa hulala vibaya, na kukosa usingizi nako huongeza njaa.

Tafiti kadhaa zimeona kwamba wanaobaguliwa zaidi ndio wanaokula zaidi kwa sababu ya hisia. Kuhusu uzito wenyewe, matokeo hayajaafikiana, kwani kipato, kazi za zamu na bei ya matunda navyo vinachangia.

Je, tafsiri yetu ya Kiswahili, “ulaji wa kihisia”, inatosha? Nina shaka nayo. Mitaani Tanzania, “kupata ulaji” ni kupata cheo chenye fedha, na neno “kihisia” halisemi ni hisia gani. Hata furaha ya harusi hutulisha kupita kiasi. Kwa mazungumzo ya kliniki napendekeza jina “kula kwa kujiliwaza”, maana linataja kazi ambayo chakula kinafanya. Kwenye madodoso, “ulaji wa kihisia” ubaki, kwa kuwa umeshazoeleka.

Neno nisilolikubali hata kidogo ni “ulafi”. Linamhukumu kijana na kumwachilia aliyemdhalilisha. Daktari na muuguzi, kabla ya kumkabidhi kijana orodha ya vyakula vya kuacha, muulizeni kwanza watu wanamtendeaje.