Tuskegee, Mji Uliokatwa Pembe 28

Simulizi za Tuskegee, Alabama, hazikosi Booker T. Washington na chuo alichokianzisha 1881, mwanasayansi Carver na karanga zake, na marubani weusi wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1957 hupitwa haraka, au hautajwi kabisa. Jambo hilo linaniudhi, kwani mwaka huo ndio uliojibu yale Washington aliyohubiri Atlanta 1895: mtu mweusi ajifunze kazi, ajenge mali, haki za siasa zitakuja baadaye.

Watu wa Tuskegee walitii. Walipata maprofesa, wakapata madaktari weusi katika hospitali ya wanajeshi wastaafu iliyofunguliwa 1923. Haki hazikuja. Wasajili wa wapiga kura waliwazungusha wasomi hao kwa visingizio vya fomu. (Washington mwenyewe, tumtendee haki, aligharimia kwa siri kesi za kudai kura.) Hata hivyo, wapiga kura weusi walifika kama 400, na wazungu wa mji wakaingiwa na hofu. Seneta wa jimbo Sam Engelhardt akapeleka muswada, na mji uliokuwa mraba ukachorwa upya ukawa na pembe 28. Chuo kikaachwa nje. Weusi waliobaki na kura ya mji walikuwa wanne au watano. Mzungu hata mmoja hakutolewa. Anayeniambia kura haina thamani anieleze kwa nini bunge la jimbo zima lilihangaikia kura 400.

Juni 1957 umati ulijaa kanisa la Butler Chapel, lile lile ambalo chuo kilianzia kando yake. Wakiongozwa na Charles Gomillion, profesa wa sosholojia, wakakubaliana kutonunua tena kwa wazungu waliowanyima haki. Mwanasheria mkuu wa Alabama, John Patterson, akawashtaki. Mwaka 1958 mahakama ikaamua kwamba kila mtu ana hiari ya kununua anapotaka. Maduka kadhaa ya wazungu yalifungwa.

Vitabu vya sheria humpa sifa Jaji Frankfurter, aliyeandika hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 14 Novemba 1960 iliyofungua njia ya kubatilishwa kwa mipaka ile. Sikubaliani na mgawo huo wa sifa. Wakili wa wakazi waliopinga mipaka hiyo, Fred Gray, alishindwa kwanza katika mahakama mbili za chini, na wakati wote huo akina mama wa Tuskegee waliendelea kuyapita maduka ya mjini bila kuingia. Bila uvumilivu wao, kesi isingekuwa na watu nyuma yake.

Mipaka ilirudishwa 1961. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ikaja 1965. Mwaka uliofuata Lucius Amerson akachaguliwa sherifu wa Macon, kaunti uliko mji huo, na 1972 Johnny Ford akawa meya wa Tuskegee. Kinga kuu ya sheria hiyo, iliyoyalazimu majimbo kama Alabama kupata kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za kura, iliondolewa nguvu na Mahakama ya Juu 2013, katika kesi iliyoletwa na Shelby, kaunti nyingine ya Alabama hiyo hiyo.