Pompi ya kuvuta hewa: kifaa kidogo kinachobeba freni kwenye miteremko ya Masisi

Shofere anayeshuka kutoka Mushaki kwenda Sake, na Land Cruiser iliyojaa watu ndani na magunia juu, anategemea mguu wake wa kulia. Siku pedali ya freni inakuwa ngumu kama jiwe katikati ya kona, wengi hulaumu plakete au mafuta ya freni. Lakini kuna wakati ubaya uko mbali na magurudumu. Uko chini ya kapo, nyuma ya alternateri, ndani ya kifaa kisichozidi ukubwa wa ngumi mbili.

Hiyo ni pompi ya kuvuta hewa. Mafundi waliosoma vitabu vya Kifaransa huiita pompe à vide. Gari la esansi halina shida nayo sana, maana motere yake yenyewe huvuta hewa kwa nguvu pale shofere anapoachilia akselereta. Motere ya mazutu haina mlango wa kuzuia hewa inayoingia, kwa hiyo haiwezi kufanya hivyo. Ndiyo sababu Land Cruiser za 1HZ, Hilux za zamani za mazutu na Canter nyingi zimewekewa pompi. Inanyonya hewa kutoka mastavaki, ile sahani kubwa nyeusi iliyo mbele ya pedali. Ndani ya mastavaki kuna ngozi ya mpira: upande mmoja hauna hewa, upande mwingine unasukumwa na hewa ya nje. Msukumo huo ndio unaosaidia mguu. Magari ya mashindano nayo yana pompi ya aina hii, ila kwao nyingi hufanya kazi nyingine: zinanyonya moshi na mvuke ndani ya kartere ili pistoni zifunge vizuri. Namna ya kuzitunza inafanana sana.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya magari havikazii. Msukumo unatoka kwenye hewa ya nje, na hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda. Kwenye mita 2.000, ambako vilima vingi vya Masisi vinafika au kupita, uzito wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani ya bahari. Kwa hiyo hata pompi mpya kabisa inasaidia mguu kidogo zaidi Masisi kuliko chini Walikale, kwenye msitu. Fundi akipima kwa saa na kukuta chini ya namba ya kitabu, asikimbilie kusema pompi imekufa. Kwa upande mwingine, pompi iliyochoka ambayo bado inavumilika kule chini inaweza kuonyesha ubaya wake juu ya mlima, na mzigo ukiwa mzito.

Iko pia desturi ya kuzima motere kwenye mteremko ili kuokoa mazutu. Motere ikizimwa, alternateri inasimama, na pompi nayo inasimama. Akiba iliyobaki ndani ya mastavaki inatosha kukanyaga mara mbili au tatu tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu, na kama usukani unasaidiwa na motere, nao unakuwa mzito. Mazutu yanayookolewa ni ya chupa moja hivi. Hesabu hiyo haina haja ya kalamu. Mteremko unashukwa motere ikiwaka, ndani ya vitesi ndogo.

Pompi inaishi kwa mafuta ya motere. Bomba dogo linaleta mafuta, mpira mnene zaidi unayarudisha kwenye kartere. Mafuta yakiwa meusi na mazito, njia ndogo inaziba na mbawa za ndani zinasagika. Mpira wa kurudisha ukikunjwa au kuziba, mafuta yanajaa ndani ya pompi, na mbawa zinaweza kuvunjika. Alternateri iliyolowa mafuta kwa nyuma ni dalili ya sili iliyochoka, na mafuta hayo yataua makaa ya alternateri pia.

Kabla ya kufungua, gari liwe mahali pa tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa mbao au mawe, motere imepoa. Kisha terminali hasi ya batri itolewe. Hatua hii hurukwa sana, ilhali waya mnene wa alternateri unatoka moja kwa moja kwenye batri: ufunguo ukiugusa pamoja na bodi, cheche zinaruka, na mahali penye mafuta moto hauko mbali. Kuoshea kwa esansi ni hatari hiyohiyo. Mazutu safi kidogo na brashi vinatosha, nje ya nyumba, bila sigara wala jiko karibu. Mpira wa mastavaki na valvu yake visiguswe na mazutu wala esansi, vitavimba. Hewa ya kompresa isipulizwe ndani ya pompi: mbawa zinazunguka kavu na mafuta yanaruka machoni.

Wakati wa kurudisha, upande wa mviringo wa kila mbawa unaangalia nje, kwenye ukuta. Mafuta safi ya motere yamiminwe kidogo ndani, pompi izungushwe kwa mkono mpaka iende laini. Ringi za shaba za bomba la mafuta ziwe mpya. Valvu ya mpira wa mastavaki inajaribiwa kwa mdomo baada ya kuipangusa: pumzi ipite kutoka upande wa mastavaki kwenda upande wa pompi, isirudi.

Jaribio la mwisho halitaki chombo. Motere ikiwa imezimwa, pedali inakanyagwa mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha mguu unabaki juu yake na motere inawashwa. Pedali ikizama kidogo, msaada umefika. Baada ya dakika moja au mbili motere inazimwa, na pedali inakanyagwa polepole mara tatu: ikizama sana mara ya kwanza, kisha ikipanda kila mara, hakuna hewa inayovuja. Isipobadilika, gari lisitoke.

Malori makubwa yenye freni za hewa ya kompresa hayana pompi hii, na maelezo haya hayayahusu. Na kwenye magari mengine pompi haiko kwenye alternateri bali inazungushwa na motere moja kwa moja. Njia ya kuipata ni kufuata mpira mnene unaotoka kwenye mastavaki mpaka unapoishia.