Tarishi wa Zamu ya Usiku

Msomaji, bila shaka umepata kukiona kitabu cha zamu. Katika shule zetu nyingi mwalimu wa zamu hukiandika kabla ya kukabidhi kazi: nani aliugua, dirisha gani lilivunjika, maji yalikatika saa ngapi. Siku ambayo hapakutokea neno, mwalimu mwangalifu huandika kwamba hapakutokea neno, akatia sahihi yake. Mwalimu mvivu huacha ukurasa mtupu. Mkuu wa shule akiukuta ukurasa mtupu asubuhi hawezi kujua kama usiku ulikuwa wa amani au kama mwalimu hakufika zamuni kabisa. Liweke jambo hili dogo moyoni, kwa maana habari nitakayokusimulia, ingawa ni ya mashine na ilitokea mbali na kwetu, imejengwa juu yake.

Yafaa nianze kwa kukueleza seva ni nini. Unapofungua ukurasa katika intaneti, au unapotuma barua pepe, kuna kompyuta nyingine mahali fulani inayopokea haja yako na kuijibu. Kompyuta ya namna hiyo, iliyowekwa kuwatumikia wengine mchana na usiku, ndiyo iitwayo seva. Haina budi kupangwa kabla ya kufanya kazi: iwe na programu hizi na isiwe na zile, iwaruhusu watu hawa na iwazuie wale, saa yake iende sawa, mafaili yake yakae mahali pake. Hapo mwanzo mpangilio huo ulikuwa kazi ya mikono. Mtunzaji aliketi mbele ya seva moja akaitengeneza, akaenda kwa ya pili, na alipofika kwa ya ishirini alikuwa amekwisha sahau alilolifanya kwa ya tatu. Seva zilizokusudiwa kufanana kama mapacha zikawa kama ndugu wa mbali.

Kuifanya mashine itende kazi bila mtu kuisimamia hakukuanza jana. Katika mfumo wa Unix, uliotungwa katika maabara za Bell huko Marekani, mlikuwamo programu ndogo iitwayo cron, nayo ilikuwa katika toleo la saba la mwaka 1979. Kazi yake ni kutazama saa na kuziamsha programu nyingine kwa wakati uliopangwa. Mwaka 1987 Paul Vixie alitunga cron ya kwake, ambayo ilienea sana. Ilikuwa desturi kwamba programu iliyoamshwa ikisema lolote, cron huyakusanya maneno hayo na kuyapeleka kwa mwenyewe kwa barua pepe. Ikiwa haikusema kitu, hakuna barua. Tena watu wa Unix walikuwa na adabu yao: programu iliyofanikiwa hunyamaza. Adabu hiyo ni nzuri kwa mtu aliyeketi mbele ya mashine na anayeona kwa macho yake kwamba kazi imekwisha. Kwa mtu aliyelala nyumbani kwake, ni ule ukurasa mtupu wa mwalimu mvivu.

Mwaka 1993 Mark Burgess, mtaalamu wa fizikia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwei, alitunga programu aliyoiita CFEngine. Fikira yake ilikuwa ya ajabu kwa usahili wake. Badala ya kuiamrisha seva hatua kwa hatua, mtunzaji aliandika hali anayotaka seva iwe nayo. Programu hujitazama, hulinganisha ilivyo na inavyopaswa kuwa, ikatengeneza palipopungua na kuacha palipo sawa. Ukiiendesha mara kumi juu ya seva iliyo sawa, haitabadilisha kitu. Baada yake Luke Kanies alitoa Puppet mwaka 2005, jina ambalo maana yake ni mwanasesere. Mnamo Januari 2009 ikatoka Chef, yaani mpishi, kwa uongozi wa Adam Jacob na kampuni iliyoitwa Opscode. Hao wa Chef walikaa jikoni kwa kila neno: maagizo ya mpangilio waliyaita mapishi, na mikusanyo yake wakaiita vitabu vya mapishi.

Sasa tazama hesabu. Chef inapoendeshwa mfululizo bila kubadilishiwa muda, seva hurudia zamu yake kila baada ya dakika 30. Hupewa na kuchelewa kidogo kwa bahati nasibu, ili seva zote zisije zikabisha hodi kwa pamoja. Seva moja basi hufanya zamu 48 kwa siku. Mwenye seva 1,000 ana zamu 48,000 kila siku ya Mungu. Katika hizo, moja ikishindwa kwa sababu diski imejaa au anwani imekosewa, nani atajua? Hakuna mkuu wa shule awezaye kusoma vitabu 48,000.

Watungaji walilitambua shaka hilo. Katika Chef waliacha mahali pa kuweka kipande cha programu kiamshwacho mwishoni mwa zamu. Kipo cha kuamshwa zamu ikimalizika salama, na kipo cha kuamshwa zamu ikivunjika. Mimi nitakiita tarishi, kwa kuwa kazi yake ni ileile ya tarishi wa ofisini: kupokea karatasi mlangoni na kuipeleka panapohusika. Tarishi huyu hukabidhiwa jina la seva, muda uliotumika, vitu vilivyobadilishwa, na kama kuna hitilafu, maneno ya hitilafu yenyewe pamoja na mahali ilipotokea. Lakini aipeleke wapi? Barua pepe ya moja kwa moja ilihitaji kila seva ijue kutuma barua, na ijue majina ya wapokeaji. Mtu mmoja akihama kazi, yakupasa kubadilisha orodha katika seva zote.

Hapo ndipo lilipoingia wingu. Neno hili lisikupoteze, msomaji. Hakuna kitu angani. Wingu ni kompyuta za mtu mwingine, zilizo katika majumba makubwa, unazozitumia kwa kukodi. Kampuni ya Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi vitu mwezi Machi 2006, na kompyuta zenyewe mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwezi Aprili 2010 ikaongeza huduma ya arifa iitwayo SNS. Utaratibu wake ni kama wa mpiga mbiu. Unaunda mada na kuipa jina. Wenye haja ya habari hujiandikisha kwa mada hiyo, na anayejiandikisha kwa barua pepe hana budi kukubali kwanza, asije akaletewa asiyoyataka. Kisha seva hutangaza habari yake mara moja tu kwa mada. Haijui nani anasikiliza, wala haina haja ya kujua. Wingu huipeleka kwa kila aliyejiandikisha, kwa barua pepe, au kwa programu nyingine, na baadaye hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Haikuchukua muda mrefu watu wakatunga tarishi wa Chef awezaye kutangaza katika SNS. Kazi ilikuwa ndogo, ingawa ilikuwa na mitego yake. Kichwa cha habari, kwa mfano, hakiruhusiwi kufika hata herufi 101, na jina refu la seva likikutana na hitilafu yenye maneno mengi, tarishi hana budi kupunguza.

Ungedhani shaka limekwisha. Halikwisha, nami nitakupa visa viwili vya kweli. Cha kwanza kilitokea mahali ambapo mpangilio wa seva ulifanywa kwa mikono, na cha pili kilitokea chini ya cron, mzee wa ukoo huu.

Kampuni ya Knight Capital ya Marekani ilikuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Kuanzia tarehe 27 Julai 2012 iliweka programu mpya katika seva zake nane, na fundi aliyeifanya kazi hiyo akaisahau seva moja. Hakuna mtu wa pili aliyekagua. Seva ya nane ikabaki na programu ya zamani, iliyokuwa haitumiki tangu 2003, na alama iliyotumiwa kuiamsha programu mpya ilikuwa ndiyo iliyokuwa ikiiamsha ya zamani. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti, kabla soko halijafunguliwa saa tatu na nusu, mitambo ya kampuni ilituma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi, zikitaja hitilafu na kuitaja programu ile ya zamani kwa jina lake. Hazikuwa zimekusudiwa kuwa arifa za hatari, na wafanyakazi kwa kawaida hawakuzisoma. Soko likafunguliwa. Seva ya nane ikaanza kununua na kuuza bila kukoma, na katika haraka ya kutafuta dawa watu wakaiondoa programu mpya katika zile saba zilizokuwa nzima, nazo zikaanza kufanya kama mwenzao mgonjwa. Kwa muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 460, na kabla ya mwaka kuzunguka ilikuwa imeungana na kampuni nyingine. Barua 97! Tarishi alikuja mlangoni mara 97, akaziacha barua kwenye meza ambayo hakuna aliyekuwa na desturi ya kuiangalia.

Kisa cha pili ni kinyume chake, na kwangu mimi ndicho kinachotia hofu zaidi. GitLab ni kampuni inayowahifadhia watunga programu kazi zao. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi mmoja, aliyekuwa amechoka na anayehangaika na tatizo jingine, alikusudia kufuta data katika seva ya akiba, kumbe amri yake ilikuwa katika seva kuu. Alishtuka na kuizuia baada ya sekunde moja au mbili. Katika gigabaiti zipatazo 300 zilibaki 4.5. Wenzake hawakukata tamaa mara moja, kwa kuwa nakala ya data ilikuwa ikichukuliwa kila siku na kupelekwa katika wingu la Amazon. Wakaenda kuitazama, wakakuta hapana kitu.

Programu ya kuchukua nakala ilikuwa ya toleo la 9.2, na hifadhi ya data yenyewe ilikuwa ya toleo la 9.6, kwa hiyo kila siku iliposhika kazi ilishindwa. Ilinung'unika kama inavyopaswa, na cron ikayakusanya manung'uniko yake na kuyatuma kwa barua pepe. Lakini barua hizo hazikuwa na uthibitisho ambao mitambo ya kupokea barua iliutaka, uitwao DMARC, nazo zikakataliwa mlangoni. Hakuna mtu aliyezipuuza, msomaji, kwa sababu hakuna mtu aliyeziona. Watunzaji waliona ukimya, nao kwa adabu ile ya zamani wakaufasiri kuwa ni amani. Kilichowaokoa ni nakala nyingine ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio yasiyohusiana na jambo hili. Hata hivyo, miradi ipatayo 5,000, maoni yapatayo 5,000 na akaunti mpya 700 hivi ziliguswa na upotevu huo. Kampuni ilitangaza kila kitu hadharani, hata ikawaruhusu watu kutazama kazi ya uokoaji ikiendelea, na kwa ajili ya uungwana huo sisi tunaweza kujifunza habari zake leo.

Ukivisoma visa hivi viwili pamoja utaona kwa nini kutuma arifa ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Mtunzaji akiamua kila zamu itangazwe, njema na mbaya, atapokea arifa 48,000 kwa siku na atakuwa kama wale wa Knight. Akiamua zitangazwe zilizoshindwa tu, tarishi akifia njiani atakuwa kama wale wa GitLab, kwa sababu seva iliyozimika haina uwezo wa kutangaza kwamba imezimika. Tarishi wa Chef naye amo ndani ya zamu ileile anayoitolea habari. Zamu isipoanza, hakuna wa kumwamsha.

Ndiyo sababu watunzaji wenye busara waligeuza swali. Walimwacha tarishi alete habari za hitilafu, lakini wakaweka na mwangalizi wa nje, asiyekaa ndani ya seva hizo, ambaye hangoji hitilafu bali hungoja salamu. Kila seva inayomaliza zamu humpa salamu kimya kimya, bila kumsumbua mtu. Mwangalizi huandika saa. Salamu ikikosekana mara mbili, ndipo anapopiga kelele. Wenye garimoshi walikuwa na maarifa ya namna hii tangu zamani: dereva hushikilia mkono wa mtambo au hukanyaga kibao, na akiuachia, treni hujisimamisha, kwani dereva aliyezimia hawezi kupiga kengele ya kusema amezimia.

Chef nayo hukaa na kumbukumbu ya namna hiyo. Ina chombo kiitwacho knife, yaani kisu, na ukikiamuru kwa neno status hukuorodheshea seva zako zote pamoja na muda uliopita tangu kila moja ilipoleta habari mara ya mwisho. Hakisemi nani mzima na nani mgonjwa. Mtunzaji huipitia orodha hiyo asubuhi kwa macho ya mkuu wa shule afunguaye kitabu cha zamu: dakika 12, dakika 25, dakika 8, dakika 19, na katikati yake, pasipo kelele yoyote, saa 31.