Hitilafu si ubovu

Gari lililotikiswa na barabara za vumbi za kambi ya wakimbizi ya Ifo likifika lami ya Garissa kwenda Thika, kisha kruzi, mtambo wa kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta, ikawa inakatika na kurudi, tusiseme ni mbovu. Tuseme ina hitilafu. Neno hili lenye asili ya Kiarabu hubeba pia maana ya kutofautiana. Hapa taarifa hutofautiana na hali halisi: swichi ya breki iliyolegea huarifu kwamba breki imekanyagwa ilhali haijaguswa, na kruzi hujizima kwa usalama. Atapinga mtu, akisema kasoro ni kasoro. Lakini kibovu hubadilishwa. Hitilafu hutafutwa kwanza kwenye swichi, nyaya na soketi. Neno sahihi humwokolea mwenye gari pesa.