Tangawizi ilivyoshuka mto Kongo

Mpunga wa Yahuma husafiri kwa taabu. Eneo hilo, moja kati ya maeneo saba ya jimbo la Tshopo, liko kusini ya mto Kongo, ndani ya msitu, na gunia likitoka huko hupandishwa kwenye baiskeli ya kusukuma au mashua ya mbao hadi limpate mnunuzi, awe wa Kisangani au wa Bumba. Ukishapikwa, Kilingala huuita wali huo loso, neno lililozaliwa na arroz ya Wareno waliotia nanga kwenye mlango wa mto, upande wa Atlantiki. Ajabu ni kwamba kilimo chenyewe cha mpunga huko juu ya mto kilienezwa na watu wa upande mwingine kabisa: Waungwana, yaani Waswahili wafuasi wa mfanyabiashara Tippu Tip, waliokuja kwa miguu wakitokea Bahari ya Hindi.

Ukiingia kwenye viungo, majina hugeuza njia. Kitunguu kwa Kilingala ni litungulu. Pilipili ni pilipili, ingawa Kinshasa wengine huiita pidipidi. Tangawizi ni tangawisi. Mkate nao ni lipa, wa Mreno tena. Sitaki kuifanya kanuni, maana lugha haziheshimu kanuni za waandishi wa magazeti, lakini inavutia kuona kwamba baadhi ya vyakula vya kujaza tumbo vilipata jina kutoka magharibi, na vinavyochangamsha ulimi vikapata jina kutoka kwetu.

Majina hayo yana historia, tena si tamu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, huyo Tippu Tip, alikuwa na himaya ya pembe na watumwa iliyotandaa kutoka Kasongo hadi kwenye maporomoko ambako leo ni Kisangani. Mvumbuzi Stanley, akimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alifungua kituo hapo Desemba 1883. Mwaka 1886 Waswahili wakakitwaa. Na Februari 1887, huko Zanzibar, Tippu Tip akatia saini mkataba wa kuwa liwali wa Leopold hapo kituoni kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Vita vya 1892 hadi 1894 kati ya dola ya Leopold na Waswahili hao viliivunja himaya hiyo, lakini wapishi, wakulima na wake za Waungwana hawakuhama. Kiswahili chao ndicho kinachosikika Kisangani hadi leo, mji ambao Kilingala na Kiswahili vinagawana soko moja.

Maneno hayo yalikuwa na njia ya pili, nayo ni kambi. Askari wa mwanzo wa Leopold walijumuisha Wazanzibari wengi, na Kilingala kilikua katika vituo vya dola na kambi za mtoni, Basoko ikiwamo, si mbali na Yahuma. Penye askari pana chungu, na penye chungu pana mtu anayeuliza hiki kinachowasha kinaitwaje.

Leo tangawisi ni kinywaji zaidi kuliko kiungo. Mzizi hutwangwa, hukamuliwa, hutiwa sukari, pengine na ndimu au nanasi, ukauzwa baridi katika chupa zilizokwisha kutumika. Mwuzaji haiti watu waje kukata kiu. Anawauzia nguvu: papa, kunywa, mwili uamke. Akiwa anasema na mwanamume, kila mtu anajua mwili unaamka kwa kazi gani, na akina mama wanaopita hucheka. Jirani yake huuza makasu, kokwa chungu za kola anazotafuna dereva au mlinzi asiyetaka kusinzia. Kumbuka pia kwamba zanjabili, ndiyo tangawizi kwa Kiarabu, imetajwa katika Kurani, Suratul Insan, kuwa mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa peponi. Kutoka huko hadi chupa ya Kisangani ni safari ndefu.

Pilipili nayo ina kituko chake. Jina ni kongwe kuliko mmea tunaoujua. Liliondoka India, ambako lilikuwa la pilipili ndefu, likapita Uajemi na Uarabuni. Kisha Wareno walipoleta zao jipya kutoka Amerika, jina kuukuu likalivaa. Pwani tunamwita pilipili mtoto asiyetulia, na methali inamwuliza mdaku: pilipili usiyoila yakuwashiani? Yakitaka neno la jikoni la kuchangamsha, magazeti ya Dar es Salaam yamejichagulia chachu: hakuna mradi unaozinduliwa bila kuitwa chachu ya maendeleo, na neno limechakaa kidogo. Chumvi ilikataa kazi hiyo. Ikitiwa ni uongo. Ikiliwa nyingi ni uzee.

Wengine nao walifikia kuuita uchangamfu kwa jina la kiungo, kwa njia zao. Waingereza husema kutia tangawizi wakimaanisha kuchangamsha, na asili yake ni ya aibu: wachuuzi wa farasi wa karne ya 18 waliusukuma mzizi huo chini ya mkia wa farasi mzee ili mnunuzi amwone ana uhai. Kamusi ya lugha ya mitaani ya Francis Grose inaeleza hilo bila haya, na kuongeza kwamba zamani, kama isemwavyo, alitumika samaki mkunga akiwa hai. Wamarekani wao walilikata neno lao la pilipili katikati, silabi ya mwanzo ikawa jina la uchangamfu.

Kifaransa ndicho kilichokwenda kinyume. Kwa lugha hiyo mtu mwenye ari ana pichi, ana chipsi, au ana kiazi. Mwanafunzi wa Kisangani anayejifunza msemo huo lazima ashangae kidogo, kwa sababu kwao ndizi iliyopondwa ikawa lituma hutoa nguvu za shambani, lakini uchangamfu ni habari nyingine. Aliyeshiba lituma hutafuta kivuli.