Jambazi Mwenye Kabuti

Katika mwaka wa 1948 kampuni ya Twentieth Century-Fox ya Marekani ilitoa sinema iitwayo The Street with No Name, maana yake Mtaa Usio na Jina. Mwongozaji wake alikuwa William Keighley, na mwandishi wake Harry Kleiner. Wataalamu wa sinema hawakuipa heshima kubwa. Ikitajwa katika vitabu vyao, aghalabu hutajwa kwa mistari michache, katika orodha ya picha za miaka ile zilizotengenezwa kwa kuisifu idara ya upelelezi ya Marekani, FBI, kisha kalamu ikapita na kwenda kwa nyingine. Walakini palikuwa na mahali pamoja katika Afrika ambapo sinema hiyo ilipata makao ambayo haikuyapata kwao. Mahali penyewe ni Sophiatown, kitongoji cha magharibi ya Johannesburg, na aliyeipatia makao hayo hakuwa shujaa wa hadithi. Alikuwa adui yake.

Hadithi yenyewe si ndefu kusimulia. Mpelelezi kijana, Gene Cordell, atumwa katika mji uitwao Center City ajifanye mhuni asiye na kwao, apate kuingia katika genge linaloiba na kuua. Kiongozi wa genge ni Alec Stiles, ambaye huficha shughuli zake nyuma ya ukumbi wa mazoezi ya ngumi. Mpelelezi aingia gengeni, agunduliwa, aponea chupuchupu, na mwisho Stiles auawa kwa risasi. Mwanzoni kabisa huonekana maandishi yenye jina la J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, akiwaonya raia kwamba ujambazi wa magenge unarudi. Nia ya watengenezaji, basi, haikufichwa: mtazamaji ampende kachero na amchukie jambazi.

Nia hiyo ilitatizwa na watu wawili waliokuwa wakilipwa waitimize. Wa kwanza ni mpiga picha, Joe MacDonald. Katika ofisi za FBI kila kitu ki wazi, na sauti ya msimulizi yaeleza alama za vidole na uchunguzi wa risasi kama mwalimu afundishaye somo la sayansi. Picha zake ni sahihi na zachosha. Lakini hadithi ifikapo mitaani usiku, MacDonald huliacha giza lifanye kazi. Ukumbi wa ngumi usio na watu, ngazi nyembamba, taa moja ya barabarani na kivuli cha mtu kinachotangulia kuonekana kabla ya mwenyewe: hayo ndiyo yabakiayo kichwani mwa mtazamaji wakati maonyo ya Hoover yamekwisha kusahauliwa.

Wa pili ni Richard Widmark, aliyekuwa Stiles. Huyu alikuwa amepata kufundisha maigizo katika chuo cha Lake Forest alikosoma, kisha akafanya kazi ya michezo ya redio, na hii ilikuwa sinema yake ya pili tu. Katika ile ya kwanza, Kiss of Death ya mwaka 1947, aliigiza muuaji mwenye kicheko cha kutisha, akapendekezwa kupewa tuzo ya Oscar. Katika ya pili alikipunguza kicheko akauongeza utanashati. Stiles ni mtu anayeogopa mafua. Hujifunika kabuti, hukasirishwa na upepo upitao dirishani, na huvuta puani kichupa chake cha dawa katikati ya mazungumzo mazito. Hutamba kwamba genge lake laendeshwa kwa taratibu za kisayansi na kwamba yeye huchagua watu wake kama jeshi lichaguavyo askari. Mark Stevens, aliyekuwa Cordell, alifanya kazi yake bila kosa. Lakini wawili hao wakiwa pamoja mbele ya macho, hakuna amtazamaye Stevens.

Sasa yafaa kuieleza Sophiatown. Kilikuwa kitongoji cha pekee kwa kuwa Waafrika waliweza kumiliki viwanja humo kwa hati zao wenyewe, jambo ambalo sheria ya ardhi ya mwaka 1913 na zile zilizofuata zililifunga karibu kila mahali pengine katika Afrika Kusini. Ndani yake walikaa pamoja daktari na mpika pombe, mwandishi wa gazeti la Drum na mwizi wa mizigo ya reli, Mwafrika, Mchina, Mhindi na machotara, katika nyua zilizosongamana vyumba vya mabati. Palikuwa na makanisa, na palikuwa na majumba mawili ya sinema. Kubwa kati ya hayo liliitwa Odin.

Watazamaji wa Odin hawakuruhusiwa kuona kila kilichoonyeshwa mjini. Halmashauri ya ukaguzi wa sinema iliweza kuikataza picha kwa Waafrika na kuiruhusu kwa Wazungu, na katika makatazo hayo Mwafrika mzima, mwenye mke na watoto, aliwekwa daraja moja na watoto wadogo. Bloke Modisane, mwandishi aliyekulia Sophiatown, hakuisahau fedheha hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1963, Blame Me on History, kina uchungu wake. Hata hivyo Stiles alipita. Yamkini maonyo ya Hoover ndiyo yaliyomfungulia mlango.

Vijana wa magenge, walioitwa tsotsi, wakampokea kama ndugu aliyekuwa safarini. Tayari walikuwa na mapenzi makubwa na mambo ya Kimarekani. Genge lililosifika kuliko yote kwa mavazi lilijiita Wamarekani, na wakubwa wake walitembea na magari makubwa na viatu ghali ambavyo mfanyakazi wa kawaida angevitazama dirishani tu. Stiles aliwapa kitu cha kukusanyia mapenzi hayo. Wakavaa makabuti marefu. Wakanunua vichupa vya dawa ya mafua, wenye mafua na wasio nayo. Wakajipa jina lake. Anthony Sampson, aliyekuwa mhariri wa Drum tangu 1951 hata 1955, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1956 jinsi watu walivyomshangilia Stiles ukumbini. Uigaji wa namna hii haukuwa wa Sophiatown peke yake. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, vijana wa miaka ya 1950 walijiita Bills kwa ajili ya Buffalo Bill, wakavaa kama wachunga ng'ombe wa Marekani. Lakini mchunga ng'ombe ana uwanda usio na mpaka na farasi wa kumvusha. Kijana wa Sophiatown alikuwa na barabara, kona, na gari la polisi.

Waliomdharau kijana huyo walisema kwamba alipumbazwa na nguo. Neno hilo lina ukweli, ila halitoshi. Sinema za majambazi wenye nguo nzuri zilikuwa nyingi, na wengine, kama James Cagney na Humphrey Bogart, walikuwa na sifa kubwa kumpita Widmark. Kwa nini huyu? Sababu moja yaonekana katika sehemu ya hadithi ambayo mtazamaji wa Marekani huipita bila kuitazama mara mbili. Cordell afikapo Center City, watu wa Stiles humwibia kadi yake ya serikali. Kisha humsingizia wizi, akamatwe, ili habari zake zitafutwe katika majalada ya polisi. Na majalada hayo hufika kwa Stiles, kwa sababu mkubwa mmoja wa polisi hula mshahara wa genge. Hiyo ndiyo sayansi anayojivunia. Jambazi husoma karatasi za serikali kabla ya kumwajiri mtu.

Na itazamwe sheria iliyomngoja kijana huyo nje ya mlango wa Odin. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alitakiwa kubeba kitabu chenye picha yake, kazi yake na sahihi ya mwajiri wake, kwa amri ya sheria ya mwaka 1952 iliyoitwa, bila haya, sheria ya kuondoa pasi. Polisi aliweza kukitaka wakati wowote. Asiyekuwa nacho alilala mahabusi, na mwenye nacho kisicho na sahihi alifukuzwa mjini. Maisha yake yote yalikuwa yameandikwa mahali fulani na mtu asiyemjua. Mbele ya watazamaji wa namna hiyo alisimama Stiles, mtu asiyetishwa na karatasi. Yeye ndiye aliyezisoma za wengine, na aliyekuwa na polisi mkubwa mfukoni. Kwamba polisi aweza kununuliwa, Sophiatown haikuhitaji kufundishwa na mtu. Jipya lilikuwa kumwona mtu anayenunua kwa utulivu, amevaa vizuri, bila kuvua kofia.

Hapo ndipo ulipokuwa uzuri wa sinema hiyo, na hapo pia ndipo ilipokuwa sumu yake. Stiles humpiga mke wake, Judy, anapomshuku kuwa ametoa siri, na kamera haigeuki. Wanawake wa Sophiatown walikuwa na akina Stiles wao, waliomchukua msichana kwa nguvu wakamwita mali yao, na kumkataa tsotsi kuliweza kumgharimu mwanamke uso wake au uhai wake. Vijana hao waliwavizia wafanyakazi siku ya Ijumaa, siku ya mshahara, katika magari ya moshi ya kurudi nyumbani. Mfanyakazi aliyerudi mikono mitupu hakujali kama aliyempora alikuwa na kabuti au gunia. Don Mattera, aliyekuwa kiongozi wa genge la Vultures kabla ya kuwa mshairi, aliyaandika maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1987, Memory Is the Weapon, bila kuipaka sukari damu iliyomwagika. Asomaye kumbukumbu za Sophiatown na kuona muziki na kofia tu amesoma nusu.

Odin yenyewe haikuwa ya Stiles pekee. Mwezi wa Juni 1953 watu walikusanyika humo kupinga mpango wa serikali wa kuwahamisha. Polisi wenye silaha waliingia ukumbini wakamkamata Yusuf Cachalia jukwaani, na Nelson Mandela akafanya kazi kubwa ya kuwatuliza watu, akichelea umwagaji wa damu. Padri Trevor Huddleston, ambaye wasomaji wa Tanzania wamjua zaidi kama Askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960, alikuwapo pia na kujaribu kuwazuia polisi. Katika ukumbi ambamo polisi wa turubai aliuzwa na kununuliwa, polisi wa kweli walisimama na bunduki, na mara hii hapakuwa na Stiles wa kuwalipa.

Tarehe 9 Februari 1955 malori yalifika pamoja na polisi 2,000, familia za kwanza zikapelekwa Meadowlands. Kazi ya kubomoa iliendelea kwa miaka. Modisane alikwisha kushiriki kuandika Come Back, Africa, sinema ya Lionel Rogosin iliyotoka mwaka 1959 na yenye picha za kitongoji hicho kikiwa katika kubomolewa. Mwaka huo huo aliiacha nchi yake, na akafia Ujerumani mwaka 1986. Huko Marekani hadithi ya Stiles ilitengenezwa upya mwaka 1955 na Samuel Fuller kwa jina la House of Bamboo, ikahamishiwa Japani na kutiwa rangi, mpiga picha akiwa MacDonald yule yule.

Juu ya ardhi iliyosafishwa zilijengwa nyumba za Wazungu, na mahali pakaitwa Triomf, yaani Ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa rasmi mwaka 2006. Kanisa la Kristo Mfalme, alikohudumu Huddleston, lingaliko, na nyumba ya Daktari Xuma ingaliko. Odin haikuachwa.